Kisigino cha Mwatumu

Mwenye kutaka kucheka na acheke huku mwanzoni, kwa sababu mbele nafasi hiyo haipo. Haya ni mambo ya Mama Mwatumu wa Kwamsasa, aliyekwenda nchi ya Utajo akiwa na khanga mpya na moyo mweupe, akarudi miguu imefungwa vitambaa. Yanaandikwa kwa ajili ya wenye watoto. Asiye na mtoto naye anaweza kuyasoma, maana jina analo.

Mwatumu alikuwa binti wa miaka kumi na saba, mwembamba, hatulii kama sisimizi aliyemwagiwa maji. Alicheza mpira tangu ana meno ya utotoni. Mama yake hakuupenda mpira huo. Si kwa ubaya, aliogopa. Aliogopa mguu kuvunjika, aliogopa maneno ya majirani, aliogopa jua la saa tisa, na siku akikosa cha kuogopa aliiogopa hiyo siku yenyewe, kwamba mbona imetulia hivi. Basi kila jioni alisimama mlangoni na mwiko mkononi, akimsimamia binti afagie uwanja. Na binti alifagia kwa adabu zote, uso kwa mama, "Abee mama, ndiyo mama." Mama aliona ufagio unakwenda na vumbi linapanda. Zaidi ya hapo hakuona kitu.

Watu wa Utajo wakapita, wakamwona anavyocheza, wakamwomba akachezee kwao msimu mmoja. Baba yake akaruhusu. Mama akalia, akamfungia vitumbua, akamruhusu naye. Msimu haujaisha, ikaja habari: binti yenu ana pigo moja la kisigino ambalo nchi nzima inasimama kulitazama, na sasa kombe jipya litaitwa kwa jina lake. Mama mzazi anahitajika siku ya sherehe. Bila yeye haifanyiki.

"Nenda, Mama Mwatumu," mumewe akamwambia. "Mtoto akisifiwa, mzazi ndiye anayenenepa."

Akaenda. Njia ni ndefu, ina vumbi, na haina la kusimulia.

Aliyempokea ni mwanamke mnene mchangamfu, ana filimbi shingoni, aliyejitambulisha kwa cheo tu: Mpokezi.

"Karibu, mama wa kisigino! Umechoka?"

"Sijachoka. Mwanangu yuko wapi?"

"Yupo, anapumzishwa. Twende tukaoge kwanza. Si mbali, ni kama nusu Tunu."

Mama Mwatumu akadhani Tunu ni kijiji. Kumbe Tunu alikuwa mchezaji wa zamani aliyependa kufunga katika zile dakika za nyongeza, basi dakika hizo zikapewa jina lake, na kutoka uwanjani jina likatembea mpaka sokoni. Viazi vinachemshwa Tunu moja. Mpira wa kona ni Mwinshehe. Kombe la masika ni Zahoro. Na mchezaji akibaki peke yake na golikipa, akapiga, mpira ukaenda kwenye miti, nchi nyingine husema amekosa. Utajo husema amepiga Hemedi.

"Na huyo Hemedi mwenyewe alikufa?" Mama Mwatumu akauliza.

"Kufa? Leo leo ana kesi barazani. Ukitaka tupite, ni njiani."

Wakapita. Baraza lilikuwa chumba kirefu kilichojaa wazee wenye vitambi, na mbele yao mzee mmoja mkondefu, amevua kofia ameishika kwa mikono miwili.

"Nilikosa mara moja tu, waheshimiwa," alikuwa akisema. "Mvua ilikuwa inanyesha. Tangu hapo mwanangu hapati mke. Wakwe wanasema hawawezi kuoza binti yao kwenye ukoo wa kukosa. Naliomba jina langu."

Mjumbe mmoja akasimama, akasafisha koo. "Tukikurudishia, wachezaji wetu wataitaje kukosa? Wakikosa neno la kuita, watadhani hawakosi. Nchi itaharibika."

"Kweli, kweli," wenzake wakaitikia.

"Lakini baraza lina huruma," mwingine akasema. "Alete mtu aliyekosa vibaya kuliko yeye, tutabadilisha."

"Nimeleta, mheshimiwa! Kila mwaka naleta. Na kila ninayemleta, mkimtazama mnasema: huyu naye amepiga Hemedi."

Baraza lote likacheka mpaka machozi, wakaenda kunywa chai. Mpokezi naye alicheka. Mama Mwatumu alitazama ile kofia inavyozungushwa mikononi, naye hakucheka, wala hakujua kwa nini, maana yeye alikuja kwa heri na mwanawe alikuwa amefunga, hakukosa.

Sokoni ndipo wasiwasi ulipopata miguu. Mwanamke mmoja muuza mchicha aliinua kichwa akaita, "Wewe! Wewe, njoo ushike mtoto!" Watoto kama watano waligeuka kwa pamoja. Wakatazamana. Yule mama akalazimika kunyoosha kidole.

"Mbona hawaiti kwa majina?"

"Wayatoe wapi?" Mpokezi akamjibu, kama mtu anayeulizwa kwa nini hakuna samaki jangwani. "Sheria yetu, mama: jina moja halilali nyumba mbili. Likishapewa kombe, au pigo, au kosa, limehama. Mtu hawezi kulitumia tena, wala mtoto hawezi kuzaliwa akapewa. Na sisi tumezaliwa watu wa michezo, makombe ni mengi. Majina ya hapa yalikwisha zamani. Mimi mwenyewe langu lilichukuliwa na shindano la kuruka kamba nikiwa bado tumboni."

"Kwa hiyo sasa mnaagiza kutoka nje."

"Tunaalika," Mpokezi akasema kwa upole.

Walipofika uwanjani, kulikuwa na fainali ya Kombe la Zahoro. Getini amesimama mzee mwenye ufagio, anabishana na mlinzi taratibu, kwa sauti ya mtu aliyeubisha ubishi huo maisha yake yote.

"Niache nione kidogo tu. Mimi ndiye Zahoro."

"Zahoro keshaingia, mzee."

Na kweli alikuwa ameingia. Kupitia vyuma vya geti Mama Mwatumu aliliona kombe la fedha limebebwa juu ya mto, limefunikwa mwavuli lisipigwe na jua, na watu pande zote wanainama: "Shikamoo Zahoro! Shikamoo Zahoro!"

Mpokezi alikwenda kutafuta ufunguo wa chumba cha wageni, na Mama Mwatumu akabaki na yule mzee.

"Shikamoo baba."

Mzee akashtuka, akatazama nyuma yake kuona anasalimiwa nani. Kisha akasema, "Marahaba. Umekuja kutoa au kupokea?"

"Nimekuja kwa binti yangu. Atapewa kombe."

"Atapewa kombe," mzee akarudia. "Mimi nilipopewa nililia kwa furaha. Mama yangu alisimama pale katikati akasema maneno ya kulitoa jina langu. Nikarudi nyumbani, mke wangu akataka kuniita nikale, akafungua mdomo. Hakuna kitu. Kama mtu aliyesahau alichofuata chumbani. Alipokufa, wakati wa mazishi watu walitaka kutangaza nani kafiwa. Wakasema, kafiwa aliyekuwa. Ndivyo tunavyoitwa hapa, sisi wote. Waliokuwa."

"Na mpira? Uliendelea kucheza?"

Mzee akatazama miguu yake, ambayo ilikuwa imefungwa vitambaa vyeupe vya pamba, mviringo juu ya mviringo, mpaka ikawa kama miguu ya tembo mdogo.

"Mwenye kombe hachezi tena. Akicheza atakuja kukosa siku moja, naye akikosa anautia utukufu doa. Wananifunga vipya kila Ijumaa."

Mama Mwatumu akashika chuma cha geti.

Nyumba waliyompumzishia binti iliitwa Nyumba ya Heshima. Ilikuwa safi kuliko hospitali. Mabinti na vijana waliketi juu ya mito wametazama ukutani, chakula kizuri mbele yao, miguu imefungwa. Hakuna aliyewafungia mlango, ulikuwa wazi. Mama Mwatumu akamgusa bega mmoja, mtoto wa watu, labda umri wa Mwatumu. "Mwanangu, unaitwa nani?" Yule binti akatabasamu tabasamu zuri, akaangalia dirishani, kama swali limeulizwa nyumba ya pili.

Mwatumu mwenyewe alikuwa chumba cha mwisho, miguu yake bado mitupu, anaruka ruka kitandani. Alipomwona mama akamrukia shingoni.

"Mama! Umeliona kombe langu? Kubwa kama pipa!"

"Nimeona mengine. Vaa viatu twende nyumbani."

"Nyumbani? Mama, kesho ndiyo kesho! Nikipiga kisigino changu watu elfu wanasimama. Nitatajwa mpaka kiama."

"Litatajwa pipa, mwanangu. Wewe utakaa kwenye mto utazame ukuta. Umewaona wenzio hapo nje?"

"Wamepumzika."

"Yule wa mlangoni nimemuuliza jina, hakunisikia."

Uso ukamfura Mwatumu. "Ulinikataza mpira nikiwa mdogo, leo umepata jingine la kunikataza. Wewe mama kila kitu ni hatari. Nikikohoa, hatari. Nikicheka sana, hatari."

"Sheria zao umezijua lakini?"

"Nazijua. Na nakuambia kitu kimoja kama hukukijua. Wanauliza kila siku hiki kisigino nilijifunzia wapi. Wanadhani nilikuwa na kocha. Nilikuwa na wewe! Ulisimama pale mlangoni na mwiko, nikawa siwezi kugeuka, ikabidi niupige mpira kwa nyuma huku nakuangalia usoni nasema abee mama. Miaka yote ile akina Shehoza wa jirani walikuwa wananipasia nyuma ya mgongo na wewe unaona vumbi tu. Kama usingesimama, ningepiga kwa mbele kama watu wote. Haya, furahi sasa!"

Mama Mwatumu alikaa chini. Angeweza kukasirika, na angeweza kucheka, na yote mawili yalimjia yakapigana kifuani, na hakuna lililoshinda. Miaka yote ile ya kuogopa, kumbe alikuwa anafundisha.

Asubuhi yake alipelekwa kwa Mtajaji Mkuu, mzee mwenye sauti laini na kucha safi, akaelezwa kazi yake. Haikuwa kubwa. Atasimama katikati ya uwanja. Ataulizwa, nani alilitoa jina hili? Atajibu, nililitoa mimi nilipomzaa. Ataulizwa, unalitoa tena? Atajibu, nalitoa. Basi. Mzazi ndiye anayeweza, kwa sababu jina humsikiliza aliyelileta, au mwenyewe akishakuwa mtu mzima.

"Na nikishalitoa, nyumbani nitamwitaje?"

"Utamwita Wewe," Mtajaji akasema. "Ni fupi. Wazazi wengi wanasema linaokoa pumzi."

"Nikikataa?"

"Hakuna aliyewahi kukataa, mama. Uwanja mzima unakutazama, mtoto wako mwenyewe anakutazama. Ukikataa, huyo mtoto atakuchukia mpaka uzee wake, na msimu ujao tutamwalika tena, akiwa mkubwa wa kujisemea." Akatabasamu bila ubaya wowote. Huo ndio ulikuwa utisho wake, kwamba hakuwa na ubaya wowote.

"Sheria yenu ni hiyo tu?"

"Sheria ni pana. Kwa mfano, jina hutolewa kwa asili ya pigo, si kwa mguu uliolipiga. Tuna kombe liitwalo Shauri, na huyo Shauri hakucheza mpira hata siku moja. Alikuwa na ukuta. Mchezaji mmoja alijifunza pigo lake kwa kuugonga ukuta ule, baraza likabishana msimu mzima, mwisho likaamua kwamba ukuta ndio asili, na mwenye ukuta ndiye mwenye jina. Sisi ni watu wa haki."

Mama Mwatumu akaliweka neno hilo kifuani kama mtu anavyofunga hela kwenye pindo la khanga.

Jua likiwa kichwani, uwanja umejaa mpaka ukingoni, wakamsimamisha katikati. Kombe jipya lilikuwa mbele yake, tupu, linang'aa, na ubavuni lina nafasi iliyoachwa wazi. Mwatumu amesimama upande wa pili na jezi yake nyeupe. Nyuma yake wanawake wawili wameshika vitambaa vya pamba, wamevikunja vizuri.

"Nani alilitoa jina hili?" Mtajaji akauliza.

"Nililitoa mimi nilipomzaa."

"Unalitoa tena?"

Mwatumu alimtazama mama kwa macho ya mtoto anayeomba ruhusa ya kwenda harusini.

"Kabla sijajibu," akasema, "naulizia ile habari ya ukuta."

Wajumbe wakasogea. Habari gani ya ukuta? Akawaeleza. Akasema mimi ndiye niliyesimama mlangoni. Mimi ndiye niliyemzuia kugeuka. Kama mnataka asili ya kisigino hiki, mguu ni wake, lakini asili ni woga wangu.

"Mama si ukuta," mjumbe wa kitambi akapinga.

"Ukuta wa Shauri ulikuwa unafanya nini?" mwenzake akauliza.

"Ulisimama tu."

"Na huyu?"

"Nilisimama," Mama Mwatumu akajibu. "Kila jioni."

"Ulisogea?"

"Sikusogea."

"Ulisema chochote?"

"Nilisema: fagia na kule pembeni."

Wajumbe wakanong'ona. Ukuta wa Shauri haukusema kitu, lakini sheria haikusema kwamba ukuta usiseme. Mzee mmoja akataka kujua kama mama huyu aliwahi kupakwa chokaa. Akanyamazishwa.

"Kunahitajika shahidi," Mtajaji akasema, na sauti yake laini ilikuwa imepungua ulaini. Akamgeukia Mwatumu. "Binti. Fikiri vizuri kabla ya kusema. Ukikubali, kombe si lako."

Na Mwatumu alifikiri. Lilionekana usoni, jibu linakuja, na jibu hilo lilikuwa ni hapana. Alikwisha kufungua mdomo. Hapo ndipo Mama Mwatumu alipofanya kitu ambacho hakukipanga. Alinyoosha mgongo, akainua mkono usio na mwiko, akaita kwa ile sauti ya mlangoni, ya jioni, ya kila siku:

"Mwatumu!"

"Abee mama!"

Ilimtoka kabla hajaijua. Miguu ikajipanga, mikono ikajiweka mbele kama imeshika ufagio.

"Nilikuwa nasimama, au sikuwa nasimama?"

"Ulikuwa unasimama, mama," Mwatumu akasema, machozi yakaanza kumtoka kwa hasira. "Kila jioni ulikuwa unasimama."

Basi ikawa imekwisha. Watu wa haki hawarudi nyuma. Mtajaji Mkuu akauliza jina la asili, mwandishi akainua patasi yake.

"Mama Mwatumu," akasema.

"Hilo haliwezekani. Ndani yake mna jina la mtoto. Lako wewe."

Lake yeye. Akalitafuta. Mumewe alimwita Mama Mwatumu, majirani Mama Mwatumu, mwenye duka Mama Mwatumu. Jina lake mwenyewe lilikuwa limekunjwa chini kabisa ya sanduku, chini ya khanga za harusi, na wa mwisho kulitumia nyumbani alikuwa marehemu baba yake. Alilitoa polepole.

"Asumini. Asumini binti Mdoe. Nalitoa."

Uwanja ulilipuka. "A-su-mi-ni! A-su-mi-ni!" Hakuna hata mmoja aliyeuliza Asumini ni nani. Walilipenda mara moja, lilikaa vizuri mdomoni. Patasi iligonga, na kila ilipogonga yeye alihisi kitu kinalegea ndani, kama jino, mpaka kikatoka, pakabaki pengo la kupapasa kwa ulimi.

Wanawake wa vitambaa walisimama hawajui la kufanya. Mwisho sheria ni sheria. Wakamkalisha mama yule, ambaye hakuwahi kupiga hata limau kwa mguu, wakamfunga miguu yote miwili asije akacheza tena.

"Sichezi tena," Mama Mwatumu akawaahidi.

Kutoka hapo waliondoka kwa mguu na hakuna aliyewazuia, kwa kuwa Utajo walinzi hulinda makombe, hawalindi watu. Mwatumu alitangulia mbele, mgongo umekakamaa kama ubao.

"Umeniibia," akasema bila kugeuka.

"Nimekuibia pipa."

"Lilikuwa langu!"

"Nakubali. Tembea."

Getini yule mzee alikuwa anafagia. Akaiona miguu ya Mama Mwatumu, akaelewa.

"Umeacha nini humo ndani?"

"Kitu nilichokuwa sikitumii, baba."

Mzee akaegemea ufagio. "Na mimi nilisema hivyo hivyo," akasema.

Walirudi Kwamsasa. Vile vitambaa vilifuliwa, sasa ni vya kuepulia sufuria. Mwatumu alinuna mpaka msimu wa mahindi, kisha njaa na ujana vikamshinda, akaanza kuongea. Baba yake alisikiliza habari yote akasema, "Sawa, Mama Mwatumu, kwani kimepungua nini?" Naye mama akaona kweli, hakijapungua kitu. Mpaka dada yake mkubwa alipokuja kuwatembelea. Huyo ndiye pekee duniani aliyebaki wa kumwita kama walivyoitana wakiwa wasichana. Alipiga hodi, akaingia uani mikono wazi, uso umejaa furaha, akafungua mdomo kumwita mdogo wake. Akasimama. Akatikisa kichwa kama mtu aliyeingiwa na maji masikioni. Kisha akasema, kwa aibu:

"Wewe."

Wakakumbatiana hivyo hivyo.

Enyi wenye watoto, mkiona mahali watu wanampigia mtoto wenu makofi mengi, chunguzeni nyuma ya makofi wameshika nini. Hayo mengine mtayajua wenyewe. Mama Mwatumu alidhani yeye amekwisha kulipa, na woga wake sasa utapumzika.

Lakini jioni moja alikuwa jikoni anasonga ugali akasikia kelele uwanjani, watoto wa jirani wanacheza.

"Piga Mwatumu! Piga Mwatumu!"

"Nimepiga! Nimepiga Mwatumu mbili!"

"Hiyo siyo Mwatumu wewe, umegeuka. Mwatumu hugeuki!"

"Leta hapa niwaonyeshe Mwatumu hasa."

Mkono wa mama ukasimama sufuriani. Alitoka mlangoni, mwiko una ugali bado, unadondoka. Vumbi limepanda uwanja mzima, na ndani ya vumbi vichwa vingi, vikubwa na vidogo, vimempa mgongo, na binti yake yumo humo mahali fulani, hamtambui yupi. Aliogopa kuita. Hakuwahi kuogopa kitu kama alivyoogopa kuita. Akaita.

"Mwatumu!"

Mpira ulisimama. Watoto wakatazamana, mmoja akautazama mpira wenyewe, kama ndio ulioitwa. Hakuna aliyejibu. Mama akashika mwimo wa mlango, akavuta pumzi, akaita tena, si kwa sauti ya mlangoni safari hii, kwa ile aliyoitumia siku ya kwanza kabisa, alipowekewa kitoto kifuani na kuulizwa kitaitwa nani.

"Mwatumu, mwanangu. Njoo ule."

Vumbi lilikuwa linashuka taratibu. Jibu lilichelewa, lilichelewa mno. Kisha kutoka kule pembeni ambako siku zote husahaulika kufagiwa, likaja:

"Abee, mama."